Mfalme hakuwa upande wa pili wa mkataba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma sayansi ya siasa. Madesa yetu, yaani maelezo ya masomo tunayouziwa, yanasema Wamarekani walijitenga na Uingereza mwaka 1776 kwa kuwa Mfalme George III alivunja mkataba wa kijamii aliofunga na raia, kama walivyofundisha wanafalsafa Locke na Rousseau. Niandike hivyo kwenye mtihani?

JIBU: Marahaba. Usiandike. Sentensi hiyo nakutana nayo kila msimu wa kusahihisha, na kila mara inanikera, maana inaua hoja yenyewe.

Kwa Locke, watu hupatana wao kwa wao kuwa jamii moja; huo ndio mkataba wa kijamii. Jamii hiyo ndiyo huweka serikali na kuikabidhi madaraka kama amana. Mtawala hana mkataba wa kudai; ameaminiwa tu, na akiisaliti amana anaondolewa, huku jamii ikibaki imesimama na uwezo wa kuunda serikali nyingine. Mwanafalsafa Hobbes alikuwa amefundisha kinyume mwaka 1651: mtawala akianguka, watu wanarudi kwenye vita vya kila mtu na mwenzake. Ukimweka mfalme ndani ya mkataba, huwezi tena kueleza kwa nini makoloni yalithubutu kumkataa bila kuogopa kusambaratika.

Dhana ya mkataba kati ya mfalme na watu ilikuwapo, tena Bunge la Uingereza liliitumia dhidi ya Mfalme James II mwaka 1689. Ila si ya Locke. Rousseau naye, ambaye kitabu chake kilitoka 1762, aliwagusa kidogo sana waasisi wa Marekani.

Azimio la Uhuru la Marekani la 1776 lenyewe halitaji mkataba wa kijamii popote. Linataja ridhaa ya wanaotawaliwa. Ukiutaka mkataba wazi, nenda kwenye jimbo la Massachusetts. Mwaka 1778 wananchi, kupitia mikutano ya miji yao, waliikataa katiba iliyoandikwa na bunge la jimbo. Ya 1780, iliyoandaliwa na mkutano uliochaguliwa kwa kazi hiyo tu, ndiyo iliyopita, na dibaji yake, iliyoandikwa na John Adams, mmoja wa waasisi hao, inasema jamii ya kisiasa ni mkataba wa kijamii kati ya watu wote na kila raia.

Wanaowauzieni madesa wanajumlisha Hobbes, Locke na Rousseau kana kwamba walikuwa mtu mmoja, na mnafeli kwa fedha zenu wenyewe. Yaacheni. Matini zenyewe zinapatikana bure: anza na sura ya 19 ya Risala ya Pili ya Serikali, kitabu cha Locke, kisha dibaji ya Massachusetts.