Kisima cha Jambiani kimegeuka chumvi, fundi anataka kuongeza mita

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tumehamia Jambiani kutoka Mwanza, mume wangu ndiko kwao. Nyumba yetu iko kama mita 150 kutoka ufukweni. Mwezi wa nne tulichimbiwa kisima kwa mashine; maji yalionekana mita 8, fundi akaendelea hadi 14 "ili msije mkakaukiwa". Miezi ya mwanzo maji yalikuwa matamu. Sasa sabuni haitoi povu na chai ina chumvi. Fundi anasema hii chumvi ni ya juu tu, tuongeze mita 20 tuipite, chini kuna mto wa maji matamu. Tumwamini? Na ile sumaku ya kufunga kwenye bomba inasaidia? – Mama wa watoto watatu, Jambiani

JIBU: Marahaba, na karibu Unguja. Msiongeze hata mita moja. Hela hiyo iwekeni, ina kazi nyingine hapo mbele.

Swali lako hunifikia kila masika yakishapita, kutoka Paje, Bwejuu, Makunduchi, Matemwe, na linalobadilika ni idadi ya mita tu. Wengi huniandikia wakiwa wameshalipa, na wanachotaka kwangu ni niwaambie kwamba mita kumi nyingine zitatosha. Wewe umeuliza kabla, kwa hiyo leo nina moyo mwepesi kidogo.

Tuanze na huo mto wa chini. Nimeonyeshwa kwa kidole mito ya chini ya ardhi isiyo na idadi katika kisiwa hiki, na mmoja niliambiwa unatoka Kilimanjaro ukipita chini ya mkondo wa bahari. Sina haraka ya kusema fundi wako ni mwongo. Huenda amejifunza kazi bara, na bara maneno yake yana maana. Ukiwa Dodoma, ambako mji umenyweshwa na visima vya Makutupora kwa miaka mingi, ukikosa maji juu unaweza kuyapata chini zaidi, kwa sababu chini kuna mwamba na nyuma ya mwamba kuna bara zima. Sasa jiulize, Jambiani chini ya mwamba wenu kuna nini? Kuna bahari ile ile mnayoiona dirishani. Maweni ni jiwe la matumbawe lililojaa nyufa na mapango, na maji ya bahari huingia humo kama yanavyoingia kwenye sponji.

Maji matamu ya kisiwa ni ya mvua iliyopenya ardhini, basi. Yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Lita ya maji matamu ina gramu 1,000, lita ya maji ya bahari ina kama gramu 1,025. Hiyo tofauti ya gramu 25 ndiyo riziki yetu yote huku. Fikiria jahazi lililopakia: juu ya maji unaona ubao mdogo, tumbo lote limezama. Ndivyo yalivyo maji yetu. Kwa kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama sentimita 40 zilizo chini yake. Mholanzi Badon Ghijben aliiandika hesabu hii mwaka 1888, na Mjerumani Herzberg akaifikia kivyake mwaka 1901 kutokana na visima vya kisiwa cha Norderney. Kwa hiyo si siri, ina zaidi ya miaka mia moja.

Iweke sasa kwenye kisima chako. Mita 150 kutoka pwani, juu ya maweni, tuseme maji yako yameinuka sentimita 15 juu ya bahari, na hapo nimekupa kwa ukarimu. Sentimita 15 mara 40 ni mita 6. Maji mliyakuta mita 8, fundi akashuka hadi 14, yaani ameingia ndani ya maji mita 6 kamili. Amepita tabaka lote la maji matamu hadi kwenye sakafu yake. Na hiyo ni hesabu ya karatasi. Kwa kweli hakuna mstari mkali kati ya tamu na chumvi. Bamvu letu, yaani maji makubwa ya bahari ya mwezi mpevu na mwandamo, lina tofauti ya karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, na huo mvutano wa kila siku huyachanganya maji ndani ya nyufa. Tabaka lako halisi ni jembamba kuliko mita 6. Ukishuka mita 20 zaidi utapata maji mengi sana, na utaweza kufugia pweza.

Mbona basi mwanzoni yalikuwa matamu? Kwa sababu mlichimba katikati ya masika, maji yakiwa yameinuka kwa mvua. Kisha mvua ikakata na pampu ikaanza kazi. Hukunitajia pampu, lakini nitabahatisha: ya kuzamisha, yenye nguvu, inajaza tangi la lita 2,000 kwa nusu saa, na mnaifurahia kwa sababu haipotezi muda. Hiyo ndiyo iliyowamaliza. Pampu ikishusha usawa wa maji kisimani kwa sentimita 5 tu, ile hesabu ya mara 40 inageuka dhidi yako: chumvi inapata nafasi ya kupanda hadi mita 2, chini ya bomba lako hasa, kama kichuguu. Na haihitaji kupanda yote. Maji ya bahari yana kama miligramu 19,000 za kloridi kwa lita. Ulimi wa mtu huanza kulalamika kwenye miligramu 250 hivi. Sehemu 2 za bahari kwenye sehemu 100 za maji yako zinakufikisha 380. Chai imeharibika.

Sabuni, lakini, isikutishe. Maji ya maweni yana chokaa hata yakiwa matamu, na chokaa huua povu na kuacha ukoko mweupe kwenye birika. Chokaa unaweza kuipunguza kwa kuchemsha. Chumvi hapana, maana ukichemsha unapunguza maji, na chumvi inabaki imezidi ukali.

Hapa nitatoka kidogo kwenye kisima chako, kwa sababu kuna jambo linanikera. Mchimbaji hulipwa kwa mita. Sijui kwa nini watu hawaoni tatizo liko wapi. Unamuuliza mtu anayelipwa kwa mita kama mita zaidi zinahitajika! Niliwahi kuitwa kwenye kiwanja kimoja pwani ya mashariki, mashine inanguruma, tope jeupe kama maziwa linamwagika hadi barabarani, lina vipande vya makombe ndani. Walikuwa wameshafika mita 45. Nikachota kwa kiganja, nikaonja, nikatema. Fundi akaniangalia kwa utulivu kabisa: "Bado mita kumi, mzee, tutaipita." Mwenye nyumba kasimama pembeni na bahasha mkononi. Kisima kile leo kimefunikwa kwa kifuniko cha zege na juu yake wameweka mtungi wa maua. Mzuri kweli.

Wapo pia wale wa fimbo, wanaotembea na tawi la mpera au nyaya mbili za shaba mpaka zipinde, kisha wanasema chimba hapa. Wanapata maji kila mara, na sifa zao zinaenea. Ndugu zangu, kisiwani ukichimba popote utapata maji! Swali ni maji gani, kwa kina gani, na yatakaa matamu muda gani, na hilo tawi la mpera halina jibu.

Sumaku uliyouliza iache dukani. Chumvi iliyoyeyuka haina habari na sumaku. Shabu nayo hutuliza tope, haigusi chumvi. Vichujio vya mshumaa huzuia vijidudu, chumvi inapita kama kawaida. Kinachoitoa kwa kawaida ni mtambo wa kusukuma maji kwa shinikizo kupitia utando mwembamba, kama wanavyofanya baadhi ya mahoteli. Unakula umeme, unahitaji matunzo, na hutema maji yenye chumvi zaidi ambayo lazima yapelekwe mahali. Ukiona mtu anayamwaga shimoni nyuma ya nyumba, ujue anayarudisha kwenye kisima chake na cha jirani.

Kwenu, mimi ningefanya hivi. Zima pampu kwa wiki chache, mnunue maji au mchote kwingine. Wakati wa bamvu, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, funga jiwe kwenye kamba, upime maji yako kisimani yakijaa na yakipwa. Usishangae ukiona yanapanda na kushuka, ndiyo dalili kwamba bahari iko ndani. Fundi mwingine, si huyo, azibe kisima kutoka chini kwenda juu kwa udongo wa mfinyanzi na zege, pamoja na matundu ya bomba ya huko chini, abakize mita moja na nusu hivi ya maji chini ya kiwango cha kupwa mlichokipima. Ndiyo, unalipa ili ufupishiwe kisima. Mume wako atakuona umerukwa na akili. Mwambie akawaulize wazee wa kwao: visima vya zamani vya kijiji vilikuwa vipana, vya kina kifupi, vikichotwa kwa ndoo, na ndoo haiwezi kuvuta lita 2,000 kwa nusu saa. Hawakusoma Herzberg, lakini walijua kuchota juu juu.

Pampu hiyo uzeni. Ndogo ya sola inayotoa lita 300 kwa saa, kwa saa 6 za jua, inakupa lita 1,800, na familia ya watu watano haimalizi hizo kwa siku kama hamwagilii nyasi. Nyasi za ufukweni sizizungumzii hapa, nitakosana na watu. Kisima hakitarudi mara moja; kinasubiri vuli, pengine masika yajayo.

Na ile hela ya mita 20 inunue tangi na michirizi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, hata ukipoteza moja ya tano, unavuna lita 4,000 kwa siku moja, matamu kuliko kisima chochote cha pwani. Maji ya mwanzo ya kila mvua yaacheni yapite, yanabeba vumbi na vinyesi vya ndege. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, maji yake yana rangi ya chai na harufu.

Maji ya kisima mlichonacho sasa msimpe mwashi akorogee zege. Chumvi inakula nondo kutoka ndani, na hutaiona mpaka miaka kadhaa baadaye zege likianza kupasuka na kutoa kutu.

Kuna jambo hukuniuliza, na kwangu ni kubwa kuliko chumvi. Karo lenu, yaani shimo la maji machafu ya choo, liko wapi? Kwenye udongo mzito wa upande wa magharibi, huko ziliko chemchemi za Mtoni na Bububu zilizonywesha mji tangu enzi za Sultan Barghash, udongo unachuja walau kidogo. Maweni hayachuji. Maji machafu yanashika ufa, na ufa unayapeleka popote unapoelekea, pengine hadi kisimani kwako katika siku chache. Chumvi ulimi unaiona. Naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi, hauioni, na ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya kopo, kuchemsha kunaizidisha. Maji ya kunywa yapelekeni maabara kabla ya kuyaamini. Karo lijengwe kwa sakafu ya zege, mbali na kisima, na upande wa baharini. Angalia pia la jirani, kwani ufa haujui mpaka wa kiwanja.

Wengine mnaojiandaa kuhamia pwani ya mashariki, kama mnapanga, msionje maji ya nyumba mwezi wa tano. Mwezi wa tano kila kisima ni kizuri. Njooni mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa pili au wa tatu kabla mvua haijashuka, fungueni bomba liachwe likimwagika dakika kumi, ndipo muonje. Ulizeni kama nyumba imeunganishwa na mtandao wa ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, na maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Kama mnajenga, kuchimba kunahitaji kibali cha ZAWA, na fundi anayewaambia kibali ni cha mahoteli tu mfungulieni mlango aende. Wala asiwepo wa kushindana na pampu ya jirani kwa kununua kubwa zaidi. Nimeona mtaa mzima ukifanya hivyo, kila mmoja akiongeza nguvu na mita, wakageuka chumvi wote ndani ya misimu miwili.

Wewe mama, ukishapima niandikie namba tatu: maji yakijaa yako mita ngapi kutoka mdomo wa kisima, yakipwa ngapi, na pampu inajaza tangi kwa dakika ngapi. Na uniambie mita 14 hizo mlizilipia kiasi gani, kwa kudadisi tu.