Meza ya Rangi: Hamri, Halua na Mrashi Uliopinda

Barua za mwezi huu, za wanaochora kwa rangi za maji, zote zinazungumzia chakula. Nimechagua nne. Ya kwanza na ya mwisho nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zimenikaa rohoni, na wenyewe walioziandika watanielewa.

*Shikamoo bibi. Nimeanza rangi za maji mwaka jana. Mama hupika mahamri asubuhi, nami huyachora kabla ya kwenda kazini. Kila nikimaliza yanafanana na mawe. Natumia ile kahawia iliyomo kwenye kisanduku. Nakosea wapi? (Kijana wa Tanga)*

Marahaba mwanangu. Mkono wako sina shaka nao. Tatizo ni hiyo kahawia. Kahawia ya kisanduku ni moja, na hamri lina rangi zisizopungua nne.

Kesho, kabla ya kushika brashi, chukua hamri moja ulitazame ubavuni. Utaona mshipi mweupe umelizunguka kiunoni. Hamri huelea juu ya mafuta. Upande mmoja ukiiva hugeuzwa, wa pili nao ukaiva, lakini pale katikati mafuta hayakupafikia sawasawa. Mamangu alikaanga mahamri barazani kwetu, Mji wa Kale hapa Mombasa, tangu sijaanza shule mpaka nimeolewa, na hakuwa na haja ya kulipasua hamri kujua limeumuka. Aliangalia mshipi. Ukiwa mpana na umekwenda mzunguko mzima, hamira imefanya kazi. Ukiwa uzi tu, alinyamaza, akafunika unga uliobaki na kuungoja zaidi. Mshipi huo ndio unaoliambia jicho kwamba kitu hiki ni chepesi, ndani kina hewa. Wewe umeupaka kahawia, ukaufuta.

Basi fanya hivi. Chora pembe tatu kwa penseli, kidogo tu, usikandamize. Lowesha uso wa juu wa hamri kwa maji matupu, uache mshipi mkavu. Tia oka ya manjano, nyepesi kama chai ya maziwa mengi. Ikingali mbichi, gusa pembeni kwa siena ya kuchomwa, ile nyekundu ya kigae, kisha ondoa mkono. Iache itembee yenyewe. Hapo ndipo wanaoanza wanapoharibu: wanaisugua rangi, inakuwa tope. Ngoja ikauke kabisa, karatasi isiwe baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, ndipo urudi na siena nzito kwenye zile kingo zilizoiva zaidi na kwenye vile vilengelenge vidogo vya juu. Kila kilengelenge kina ncha inayong'aa. Ncha hiyo ni karatasi yako tupu. Katika rangi za maji mwanga hauongezwi mwishoni. Unaulinda tangu mwanzo.

Halafu kivuli. Changanya siena ile ile na buluu ya ultramarini. Ultramarini ya zamani ilitoka kwenye jiwe la Afghanistan na bei yake ilikuwa kama dhahabu, mpaka Wafaransa walipopata njia ya kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820. Ndiyo iliyokuja kutiwa kwenye vile vidonge vya buluu ambavyo mama zetu walisuuzia kanzu nyeupe. Ukiichanganya na siena utapata kijivu chenye joto. Kiweke chini ya hamri, kiwe kizito kabisa pale linapogusa sahani, kisha kififie. Bila kivuli hicho hamri lako litakuwa linaelea hewani.

Na kama mama ameyaweka juu ya gazeti, usiyahamishie kwenye sahani nzuri. Doa la mafuta kwenye gazeti lina rangi yake, manjano inayopenya maandishi. Chora doa. Lina habari ya jiko zima.

Ukipata nafasi kwenye intaneti, tafuta picha ya Chardin, mchoraji Mfaransa, iliyoko jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ya mwaka 1763: mkate wa siagi wa Kifaransa, briochi, umechomekwa kitawi cha maua ya mchungwa juu. Ni rangi ya mafuta, si ya maji, lakini angalia gamba la mkate ule. Hakuna mahali pana rangi moja kwa upana wa kidole. Mtu yule alikaa mbele ya mkate kwa heshima ile ile ambayo wengine waliwawekea wafalme.

*Bibi, nasafiri mara kwa mara kwa boti kati ya Dar na Unguja, na mara moja moja Pemba. Nataka kuchora njiani: vitafunio vya mgahawani, tiketi, kauri za ufukweni. Nibebe nini? Na kwa nini daftari langu jipya linanywa rangi kama tishu? (Msafiri, Dar es Salaam)*

Nianze na daftari, maana yalinikuta. Mwaka mmoja nilikwenda Pemba wakati wa masika na bunda la karatasi nzuri za pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, nililolinunua kwa pesa ya kujinyima. Nikaliacha ndani ya begi kwa wiki tatu. Siku nilipoketi kuchora sahani ya vitumbua, rangi ya kwanza ikatoa madoadoa ya giza, kama ndui. Karatasi ya rangi za maji hupakwa ute wa gelatini ili maji yakae juu kidogo kabla ya kuzama. Unyevu wa pwani huleta ukungu, ukungu hula ute ule, na macho hayaoni kitu mpaka rangi ifike. Nililia, nasema kweli. Karatasi kumi na mbili.

Tangu hapo karatasi zangu zinakaa kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Waombe jamaa wasivitupe. Usinunue bunda kubwa. Nunua kidogo, tumia, nunua tena. Karatasi ikishaharibika haiponi, lakini inafaa kwa majaribio ya rangi, kwa hiyo usiitupe.

Cha kubeba ni kidogo. Mimi nina kijaluba cha bati, cha tambuu, cha bibi yangu. Ndani yake nimebandika vijikombe sita vya rangi: oka, manjano ya limau, siena ya kuchomwa, nyekundu moja ya waridi, ultramarini na buluu moja inayoelekea kijani. Brashi moja ya duara yenye ncha nzuri. Chupa ndogo ya maji ya kunywa. Tambara la pamba, kipande cha kanga kuukuu ndicho bora kuliko vyote kwa sababu kimefuliwa mpaka kinafyonza. Karatasi nimezikata ukubwa wa postikadi, na sahani ya chai hainipi shida kukaa ndani yake.

Maji ya bahari usiyatumie, hata kama mkono unakuwasha kufanya hivyo. Chumvi hubaki kwenye karatasi, ikavuta unyevu, na kazi yako haitakauka kwa amani. Angalia pia rangi zako zimetengenezwa na nini. Kinachoshika rangi za maji ni gundi ya mgunga, ambayo sehemu kubwa hutoka Sudan na hata huku Kenya hukusanywa kule Turkana na Isiolo. Lakini viwanda vingine huongeza asali ili rangi isikauke kabisa. Pwani rangi za namna hiyo hazigandi vizuri, zinabaki na unatonato, na sisimizi wanazipenda. Nimewahi kufungua kijaluba nikawakuta msafara mzima kwenye oka.

Kuhusu njiani: kahawa itapoa, boti itaita, mwenye mgahawa atataka meza. Usilazimishe kumaliza. Mchoraji Mfaransa Delacroix alipokwenda Morocco mwaka 1832 alijaza madaftari kwa michoro ya haraka, rangi kidogo, na maneno pembeni. Nawe andika: "kivuli cha glasi kijani", "sukari imemwagika kulia". Rangi moja ya kweli iliyowekwa pale pale na maneno manne vitakusaidia jioni kuliko picha ya simu, kwa sababu mara nyingi simu hulainisha vivuli na kuibadilisha kahawia.

Kauri, okota zilizo tupu. Yenye mnyama ndani iache baharini. Mgongo wake hung'aa kama umepakwa mafuta, kwa hiyo mbinu ya kile kilengelenge cha hamri inafaa hapa pia. Iweke karibu na tiketi iliyokunjwa na kileja ulichokimega nusu. Vitu vitatu vinatosha.

*Assalaam alaikum. Jirani yangu huniambia kupanga chakula mezani ili nikichore ni israfu. Nimeanza kuona haya. (Mama wa Lamu)*

Waalaikum salaam, dada yangu. Jirani ana haki ya kuogopa israfu, na wewe una dawa rahisi: chora kile kile unachokwenda kula, kimoja, kisha ukile. Visheti vitano vichore kimoja. Mimi hunawa mikono kabla ya kuketi, rangi naziweka mkono wa kulia, chakula kushoto, na brashi haivuki katikati, kwani baadhi ya rangi zina madini yasiyofaa kuingia tumboni. Nikimaliza, chai inakuwa vuguvugu na kisheti bado kizima. Mkaribishe jirani akae nawe siku moja.

*Dada, naandika kutoka Muscat. Bibi yangu alizaliwa Unguja, akarudi huku na kifuko kimoja tu. Amenirithisha mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, kikombe kimoja cha kahawa kisicho na mwenzake na ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena. Nataka kuvichora pamoja na halua, maana hakuna siku aliyopokea mgeni bila halua. Lakini halua yangu inatoka kama lami, na mrashi unatoka kijivu. Isitoshe, mdomo wa mrashi umepinda, niliuangusha mimi nikiwa mtoto. Niuchore ulionyooka? (Mjukuu)*

Dada yangu, barua yako niliisoma asubuhi nikaisoma tena usiku.

Halua kwanza. Yenu ya huko na yetu ya huku ni ndugu: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, na mkono usiochoka kukoroga juu ya sufuria ya shaba. Ilivuka bahari na watu, na tangu Seyyid Said alipoyahamishia makao yake Unguja haijaacha kwenda na kurudi. Kuichora, kumbuka kwamba si kitu cheusi. Ni kitu chenye kupitisha mwanga ambacho kimekuwa kinene. Kata kipande chembamba kwa kisu, kiinue dirishani. Utaona rangi ya chai ya rangi, na kwenye ukingo kabisa, kahawia yenye wekundu wa zabibu kavu. Anza na ile ya dirishani, manjano iliyoiva, kipande chote, ila mistari miwili mitatu ya karatasi tupu pale samli inapometa. Kausha. Tabaka la pili, siena. Kausha. La tatu, siena na waridi kidogo, lakini liache ukingo wa chini upande ulio mbali na dirisha. Watu huutia giza upande huo kwa mazoea, na kwenye halua ni kinyume: mwanga huingia juu, hupenya, hutokea huko chini. Hapo ndipo panapowaka. Matabaka manne au matano membamba yatakupa kina. Tabaka moja zito ndilo linalokupa lami. Lozi zilizo juu ziache nyeupe mpaka mwisho.

Mrashi sasa. Fedha haina rangi yake. Inaazima. Kaa mbele yake uandike unaona nini ndani: dirisha limepinda, kitambaa cha meza, halua imekuwa doa la asali tumboni mwa mrashi, na wewe mwenyewe, mdogo kama kunde. Clara Peeters, mchoraji wa kike wa huko Flanders, Ubelgiji ya leo, mwaka 1611 alichora meza yenye vitamutamu, matunda makavu, kikombe kilichopakwa dhahabu na jagi la bati, na kwenye mng'ao wa vyombo vile alijichora mwenyewe, kisura kidogo mara kadhaa. Picha ipo jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Mwaka 2016 jumba lile lilimfanyia maonyesho, na alikuwa mwanamke wa kwanza kufanyiwa maonyesho yake peke yake pale. Miaka mia nne na ushee sura yake imo ndani ya jagi. Nawe jiweke. Doa la rangi ya buibui lako na nukta ya uso vinatosha.

Weka giza karibu na mwanga bila kulainisha katikati. Kijivu kinachokuja polepole ni cha kitambaa. Cha fedha hukatika ghafla.

Ufunguo uweke karibu na ukingo wa meza, kivuli chake kiangukie nje. Kikombe kiwe na kahawa kidogo chini, kama kilichokwisha kunyweka. Halua iwe katikati, na usiichore siku ya pili. Itakuwa imetoka jasho na ule mng'ao umekufa. Mrashi utakungoja, umekungoja tangu utotoni, halua haikungoji. Kwa hiyo ianze yenyewe, asubuhi, ndipo uhamie kwenye fedha.

Mdomo usiunyooshe. Pale ulipopinda utaona mstari mmoja wa giza umekunjika mara mbili, na katikati yake kipande cheupe chembamba kama ukucha wa mtoto. Kiache kikavu.