Nimepata kipaimara ila najiona sijaiva

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo dada. Mimi ni binti wa miaka 24 niko Morogoro, kipaimara nilipata ukubwani mwaka juzi, na sa hivi jumuiya yetu ya kanisani wamenichagua katibu, yaani sikuomba, nimeshtukia tu jina langu limetajwa. Shida najiona mtupu kabisa. Maandiko siyajui vizuri, nikiambiwa nifunge kikao kwa sala nababaika, na dukani ninapouza vifaa vya ujenzi bosi kasema mteja asipodai risiti nisimpe, roho inaniuma ila nakaa kimya. Nafikiria niuache ukatibu nijiandae kwanza hata miaka miwili mitatu ndo nirudi. Nishauri.

JIBU: Milele amina mdogo wangu. Usiuache. Nakwambia hivyo mapema kabisa mana hiyo miaka mitatu unayoisema ikiisha utaomba mingine, hakuna siku utaamka ukajiona sasa nimekamilika.

Hebu waangalie mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, hawa tunaowaadhimisha tarehe 3 Juni. Mwaka 1882 mapadre waliondoka Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo, wakaja huku kusini ya ziwa, upande wa Mwanza ya leo, wakarudi 1885. Miaka yote hiyo waliobaki kule ni waumini wachanga tu, wengine hata ubatizo hawajapata, na ndo hao hao walifundishana, mwenye kujua sala mbili akamfundisha asiyejua hata moja, na mapadre waliporudi wakakuta waumini wameongezeka. Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao, mwenyewe alibatizwa Novemba 1885, na Mei 1886, mfalme Mwanga alipowageuka, yeye ndo akambatiza usiku usiku Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni wote wawili wakafa kwa moto Namugongo. Kizito hata wiki mbili za ubatizo hajamaliza! Sasa huyo angesema ngoja nijiandae kwanza, angejiandaa lini?

Sisemi kusoma hakuna maana, soma sana, anza na Injili ya Marko mana ni fupi, sura 16 tu, kila siku sura moja. Ila ona kwamba Lwanga na Kizito walikuwa pamoja, hakuna aliyekuwa peke yake, na hapo ndo naona tatizo lako lilipo kuliko hayo Maandiko. Wewe unataka ujifungie chumbani ujiandae halafu ndo utokee kwa watu, wakati hao watu ndo wa kukuandaa. Mtafute mama mmoja wa jumuiya unayeuona anaishi anachosali, kila jumuiya anakuwepo, mwambie mama naomba unishike mkono. Katekista nae muulize yanayokutatiza. Mtu akikuuliza jambo la imani hulijui mwambie sijui, nitauliza nikwambie, na kweli uulize. Sala ya kufunga iandike kwenye karatasi nyumbani, mistari minne inatosha, na ukikwama anzisha Baba Yetu, wote watakupokea.

Risiti ndo jambo zito na hapo sikufichi, linaweza kukugharimu. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti hata mteja asipodai, kwa hiyo hiyo roho inayokuuma iko sahihi, isikilize. Usimvizie bosi mbele ya wateja, mngoje mkifunga, umwambie kwa heshima, bosi mimi naomba kila mteja niwe nampa risiti yake, dhamiri yangu hainiruhusu vingine. Hayo maneno yaseme kwanza kwa yule mama, usikie yanavyotoka. Anaweza akakuelewa, anaweza akakutoa kazini, sijui. Ila anza kuulizia kazi nyingine kuanzia sasa, na hili uwaambie wenzako jumuiyani hata kabla hujaongea nae, mana mule kuna mafundi, kuna wenye maduka, na mtu wao hawawezi kumwacha alale njaa kwa sababu kagoma kuiba kodi.