Lipa kausha damu kwanza

Dada, umeuliza hiyo milioni 1.5 ya kikoba uiweke UTT, yaani kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au ununue hati fungani, yaani uikopeshe serikali kwa riba, halafu mwishoni kabisa ukataja deni la laki 6 la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Hilo deni ndilo jibu lako.

Piga hesabu. Laki 6 kwa asilimia 20 ni riba ya 120,000 kila mwezi. Hiyo laki 6 ukiiweka kwenye mfuko unaokupa, tuseme, asilimia 12 kwa mwaka, utapata 72,000 kwa mwaka mzima. Riba ya deni ya mwezi mmoja tu imeshaizidi. Hakuna uwekezaji halali utakaoshindana na deni la namna hiyo, na anayekuahidi upo anakutapeli.

Kalipe lote kesho, na usiondoke bila risiti na kadi yako ya benki kama wakopeshaji hao waliishika. Uliza pia kama wana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawalazimu kuwa nayo.

Laki 9 itakayobaki weka Mfuko wa Ukwasi, ule wa UTT ambao kutoa fedha ni rahisi. Hati fungani za serikali zinaanzia milioni 1, na kuzitoa kabla ya muda lazima umpate mnunuzi sokoni. Kwenye Ukwasi, ukiomba fedha zako unazipata ndani ya siku chache za kazi. Mtoto akiugua, hutarudi tena kwa wale watu.