Zile tamthilia za mashujaa wa utotoni zirudie taratibu, usizimeze kwa usiku mmoja

Stori za tivii za zamani zikianza lazima atatokea mtu aseme aisee, juzi nimeitafuta ile Hulk ya kitambo, ya jamaa anayegeuka jitu la kijani akikasirika, mbona imekuwa ya kitoto hivi, sisi tulikuwa tunaiogopa nini? Ukimuuliza umeiangaliaje utasikia kapiga episodi tano sita mfululizo, jicho moja kwenye simu. Sasa hapo ndugu yangu hata ingekuwa nzuri kiasi gani ingekuchosha tu.

Mi hizi tamthilia nazirudia sana, ni starehe yangu, na kama kuna ushauri mmoja wa kukupa ni huu: episodi moja kwa wiki, basi. Chagua siku yako, weka simu mbali, ikiisha zima. Najua sasa hivi kila kitu kinapatikana kwa mkupuo na rimoti inakuchokonoa uendelee, lakini hizi kazi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye atasubiri siku saba, ukizila kwa pamoja unaona mishono yote.

Chukua hiyo hiyo The Incredible Hulk, ya Bill Bixby na Lou Ferrigno, iliyoanza 1977 kama filamu za tivii ikaenda hadi 1982. Karibu kila episodi ni ile ile: David Banner anaingia mji mpya kwa jina la uongo, anapata kibarua, anakuta kuna watu wanaonewa, anajiingiza, anapigwa, macho yanageuka rangi, shati linachanika, anageuka, anatupa watu huku na kule, halafu karibu na mwisho anageuka tena kwa mara ya pili. Yule mwandishi wa habari anayelisaka hilo jitu, Jack McGee, anafika kachelewa, Banner anabeba begi lake na kuondoka kwa miguu akiomba lifti barabarani huku piano inalia. Ukiziangalia tano kwa siku moja kufika ya tatu unaanza kucheka, si unajua tu hilo shati haliponi. Ila ukikaa wiki nzima mambo yanageuka, kile unachokijua ndicho unachokisubiri, na unapata nafasi ya kumtazama Bixby mwenyewe, yaani yule jamaa anaigiza kama yuko kwenye tamthilia nzito ya maisha, hata chembe ya utani hana. Mtazame sekunde chache kabla hajageuka, anavyojaribu kujizuia, anavyowaomba wale mabaunsa wamwache. Utotoni sehemu hiyo ulikuwa unataka ipite haraka uone jitu la kijani.

Ferrigno naye alikuwa mtunisha misuli kweli, amepoteza sehemu kubwa ya usikivu tangu utotoni, na ile ngurumo ya Hulk si sauti yake, misimu ya mwanzo ilikuwa ni ya mwigizaji Ted Cassidy. Ukishalijua hilo unaanza kuona ni kiasi gani anaongea kwa uso na mabega tu.

Batman ya 1966, ya Adam West na Burt Ward, hiyo ina mwendo wake tofauti. Mwanzoni ilikuwa inaonyeshwa usiku mbili mfululizo, usiku wa kwanza unaishia Batman na Robin wamefungwa kwenye mtego wa ajabu ajabu, usiku wa pili ndo unaona wanavyochomoka. Kwa hiyo hizo ziangalie mbili mbili, LAKINI lala katikati yake. Ukiunganisha umeua utamu wote maana stelingi hafi, hilo kila mtu analijua, raha yenyewe ni kulala ukijiuliza atatokaje. Na uende ukijua kwamba ile ni komedi, ilikuwa komedi tangu siku ya kwanza, sisi watoto ndo tuliichukulia siriasi, na wala hatukukosea maana West anayasema yale maneno kwa sura kavu kabisa kama anatoa hotuba.

Kuna vitu vya kuvizia humo ndani. Cesar Romero aliyecheza Joker, yule adui wa Batman mwenye sura ya kichekeshaji, aligoma kunyoa masharubu, wakampaka ile rangi nyeupe juu yake, sasa kamera ikimsogelea tazama juu ya mdomo utayaona yamejilalia pale. Na zile sehemu wanapanda ukuta kwa kamba, ukuta umelazwa chini na kamera imegeuzwa upande, wao wanatembea tu kwa kuinama huku makoti yao yanavutwa na nyuzi yaonekane yananing'inia. Kwangu hiyo haiharibu kitu, inaongeza, lakini kuna watu hawapendi kujua, kama ni wewe basi ruka hii paragrafu (nimechelewa kukwambia najua).

Kitu kingine watu wanakisahau ni tivii yenyewe. Hizi zilipigwa kwa skrini ya karibu mraba, tivii yako ya sasa ni pana, ukiruhusu picha ivutwe kujaza skrini Lynda Carter, yule shujaa wa kike wa tamthilia ya Wonder Woman, anapanuka kama kabati. Acha yale mapengo meusi pembeni, ndo sahihi. Na ingia kwenye setingi uzime ile kitu inayolainisha mwendo wa picha, inafanya kila kitu kionekane kimerekodiwa jana kwenye harusi. Ule mzunguko wa Wonder Woman wa kubadilisha nguo, ambao lilikuwa wazo la Carter mwenyewe, ukiwa na hiyo setingi unakufa kabisa.

Kwa waliokua na Power Rangers ya 1993, ile ya wanafunzi wanaovaa kofia na mavazi ya rangi kupigana na majitu, nyie mna mchezo wenu. Mapigano na maroboti mengi yalichukuliwa kutoka tamthilia ya Kijapani ya 1992, Zyuranger, halafu Marekani wakapiga upya zile sehemu za wanafunzi. Tazama kofia zikishavaliwa, mwanga unabadilika, rangi ya picha inabadilika, hata eneo linabadilika. Ranger wa njano kwa Wamarekani ni msichana, kwa Wajapani alikuwa mwanaume, ndo maana vazi lake halina kisketi kama cha yule wa pinki. Miaka yote ile nani aliona?

Si zote zinastahili muda wako. Katuni ya Spider-Man ya 1967 wanarudia picha zile zile za kurukia nyuzi mpaka unazikariri, angalia moja, imba wimbo, funga. Batman ya katuni ya 1992 kinyume chake, mandhari yake ilichorwa juu ya karatasi nyeusi na bado inapendeza kuliko nyingi za leo. Na kama una watoto waanzishie na hiyo, usiwakalishe kwa nguvu mbele ya Hulk halafu ukae unawatazama usoni kama wanafurahi, watoto wananusa hiyo kitu na watakimbia.

Ukiniuliza uanze na ipi mi nasema Hulk, lakini si mwanzo, anza na "Married" ya 1978, inayofungua msimu wa pili, Banner anaoa daktari ambaye ni mgonjwa sana. Mariette Hartley alipata tuzo ya Emmy kwa hiyo. Ni ndefu kama filamu, kwa hiyo usiianze usiku wa manane, na wiki inayofuata ndo urudi kwenye zile za kawaida za mashati kuchanika.