Kumfundisha mjamzito kukanda msamba: kwa wakunga wanaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoanza kliniki hapa Arusha, somo hili la kukanda msamba, yaani nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, msilitoe kwenye benchi la kusubiria, kina mama wamebanana na kadi mkononi. Wataitikia wote, na nyumbani hakuna atakayefanya. Mwite mmoja mmoja, pazia lifungwe, mimba ikifika wiki ya 34.

Mimi huanzia mdomoni. Mwambie aingize vidole viwili kwenye pembe za mdomo, avute taratibu mpaka pachome, kisha atulie hapohapo akipumua polepole. Kidogo kidogo ule mchomo hupoa. Utauona uso wake unavyobadilika! Ameshajua kuvumilia mvuto bila kujikaza, na ndicho atakachohitaji kichwa cha mtoto kikifika njiani.

Mengine ni mepesi. Kucha fupi, mikono imenawa, mafuta safi ya alizeti au ya nazi yasiyo na manukato. Kidole gumba kiingie ukeni sentimita 3 hivi, kikandamize kuelekea njia ya haja kubwa, kisha kiende kulia na kushoto kwa umbo la herufi U, dakika 5 hadi 10. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Tafiti hazikuonyesha kwamba kuzidisha kunaongeza faida. Tumbo likimzuia kufika, mume anaweza kusaidia, mradi mama mwenyewe ameridhia. Wanaotumia kondomu waambieni kwamba mafuta huziharibu.

Anayetokwa damu, aliyepasuka chupa, mwenye kondo la nyuma lililoziba njia, fangasi au malengelenge ukeni, asifanye. Na huku kwetu ulizeni kwa upole kama amekeketwa. Mwenye kovu aonwe kwanza na daktari.

Nawasihi, msimwahidi mtu kwamba hatachanika. Kwa wazaao mara ya kwanza, wakikanda 15 hivi, mmoja ndiye anayeepushwa kushonwa, hasa kwa kutoongezewa njia, yaani kutokatwa msamba ili mtoto apite. Kwangu huyo mmoja ni mkubwa, maana nimewaona kina mama wakishindwa kuketi kunyonyesha kwa sababu ya nyuzi. Aliyekwisha kuzaa faida yake ni nyingine: maumivu ya msamba hupungua miezi mitatu baada ya kujifungua.

Ukimaliza, andika kwenye kadi kwamba amefundishwa. Mkunga wa zamu atamwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu msambani, atazuia kichwa kisitoke kwa kasi, na akimwambia “legeza, pumua”, mama atajua anaambiwa nini.