Maswali ya Wasomaji: Robert Adam, kutoka Kirkcaldy hadi Spalato

SWALI: Robert Adam, msanifu majengo wa karne ya 18, alikuwa mtoto wa msanifu majengo na kazi ya familia ilikuwepo. Alifuata nini Italia?

JIBU: Alifuata jina. Alizaliwa Kirkcaldy, Scotland, mwaka 1728. Baba yake, William, alipofariki mwaka 1748, Robert na kaka yake John waliendeleza kandarasi za serikali, ikiwemo ngome ya Fort George karibu na Inverness. Huko ujenzi aliujua vizuri. Lakini mabwana wa London wenye fedha walikuwa wameiona Roma kwa macho yao, na asiyeijua Roma hakuwa na la kuwaambia. Akaondoka mwaka 1754 kwa fedha za kandarasi hizo hizo. Florence akakutana na mchoraji Mfaransa, Charles-Louis Clérisseau, akamwajiri amfundishe kuchora magofu. Kule alijitahidi aonekane bwana msafiri, si mtu wa kazi ya ujenzi, jambo lililomgharimu fedha nyingi ila likamfungulia milango ya wateja. Alirejea London Januari 1758.

SWALI: Kwa nini alichagua kupima magofu ya Spalato na si ya Athens? Na wiki tano alizokaa huko zilitoshaje?

JIBU: Athens ilikwisha pimwa na Waingereza wawili, Stuart na Revett. Halafu mahekalu na mabafu ya Kirumi yalikuwa yamechorwa sana, ila makazi yalikuwa hayajulikani, na mteja wa Adam alitaka nyumba ya kuishi. Jumba la Diocletian, mfalme wa Kirumi, huko Spalato (leo Split, Kroatia), lenye ukubwa wa takriban mita 215 kwa 180, lilikuwa makazi hasa, na kutoka Venice lilifikika kwa bahari.

Alifika Julai 1757 akiwa na Clérisseau na wachoraji wengine wawili. Tatizo halikuwa ukubwa. Mji mzima ulikuwa ukiishi ndani ya jumba: nyumba zimeegemea kuta za kale, kaburi la mfalme limekuwa kanisa kuu. Tena mtawala wa Kivenisi alishuku kwamba wanachora ngome kwa ujasusi, akawazuia, mpaka Jenerali Graeme, Mskoti aliyeongoza majeshi ya Venice, alipowaombea.

Ukiitazama ramani iliyochapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1764, kuwa mwangalifu. Michoro ya mandhari inaonyesha hali ilivyokuwa, lakini ile ya jumba zima imejazwa kwa makisio: upande usioonekana umelinganishwa na ule unaoonekana. Usichukue vipimo vya vyumba humo bila kulinganisha na uchimbaji wa baadaye.

SWALI: Mradi wa nyumba za Adelphi, London, uliwaangushaje Robert Adam na ndugu zake?

JIBU: Mwaka 1768 walikodi ardhi iliyoteremka kutoka barabara ya Strand hadi mto Thames, kwa miaka 99, pauni 1,200 kwa mwaka. Ili kuinua uwanja ufikie usawa wa Strand walijenga matao makubwa ya matofali, na juu yake nyumba zinazotazama mto. Anayeijua Spalato ataona ukuta wa baharini na vyumba vyake vya chini vya matao.

Hesabu ilisimama juu ya ghala zilizokuwa ndani ya matao hayo: serikali ingezikodi kuhifadhi baruti. Zikajengwa chini mno. Maji ya Thames yakijaa, yaliingia ndani, na serikali ikakataa. Hapo ndipo kosa lilipo, maana nyumba zilikuwa zinapanda juu kabla mpangaji wa chini hajatia saini. Juni 1772 benki zikaanza kuanguka, mikopo ikakauka, vibarua wakaachishwa. Mwaka 1773 Bunge liliruhusu bahati nasibu: tiketi 4,370, kila moja pauni 50, zawadi zikiwa nyumba zenyewe. Ilichezeshwa 1774. Walinusurika kufilisika, lakini faida haikuwepo. Sehemu kubwa ya Adelphi ilibomolewa mwaka 1936.

SWALI: Ni kweli lipu yake ya nje ilikuwa mbovu?

JIBU: Ya ndani haina lawama. Joseph Rose, fundi wake wa lipu, aliiweka kwa unene mdogo, nakshi zinazojirudia zikimiminwa kwenye kalibu. Ya nje ni habari nyingine. Ndugu hao walinunua haki za lipu ya Liardet, iliyochanganywa na mafuta. Mafuta yakikauka, lipu hukakamaa na kupasuka. Mvua hupenya nyuma yake, ikabanduka. Mshindani wao alishtakiwa, na upande wao ukashinda mwaka 1778, mbele ya jaji Lord Mansfield, mteja wao wa jumba la Kenwood, London, na Mskoti mwenzao. Kuta za Kenwood zenyewe hazikuchelewa kuharibika.

SWALI: Michoro yake iko wapi?

JIBU: Adam alifariki 1792. Mwaka 1833 msanifu majengo John Soane alinunua michoro yapata 9,000 ya ofisi yao kwa pauni 200. Imo katika jumba lake la makumbusho, Lincoln's Inn Fields, London, pamoja na ile ya safari ya Italia.